Kusaka Vitu vya Kijumba cha Wanasesere Nane Nane ya Tabora: Mwongozo Kamili

Tabora hatuna maonesho ya vitu vya nyumba za wanasesere. London wanayo, Chicago wanayo: kumbi nzima zilizojaa meza, na juu ya meza viti vya inchi tatu, birika zisizozidi ukucha, mikate ya kuokota kwa kibanio. Sisi tuna Nane Nane, maonesho ya wakulima. Kuanzia tarehe 1 hadi 8 Agosti viwanja vya Ipuli hupokea Kanda ya Magharibi, yaani Tabora na Kigoma, na wengi huenda kutazama ng'ombe, matrekta na mbegu mpya. Mwenye kijumba cha wanasesere huenda na shida yake nyingine. Akijua anachotafuta harudi mikono mitupu, kwa sababu ndani ya uzio mmoja anaweza kuwakuta mfinyanzi, seremala, msusi wa vikapu, fundi bati, mfuga nyuki na muuza nafaka.

Hao ndio watu wako. Muuza vinyago vya watalii mpitie mwisho, muda ukibaki. Kitu kidogo kizuri hutoka kwa mtu anayetengeneza kile kikubwa kila siku, maana mkono wake unajua ukingo unakunjwaje na shingo ya mtungi inaanzia wapi. Wazungu waliligundua hilo zamani. Petronella Oortman, mama tajiri wa Amsterdam aliyekuwa akijaza kijumba chake kati ya mwaka 1686 na 1710, hakwenda kwa wauza midoli. Aliagiza kwa maseremala, kwa wafua fedha, kwa wasusi wa vikapu, na vyombo vya kaure akavitoa hadi China. Kijumba hicho bado kipo katika makumbusho ya Rijksmuseum. Kile cha Malkia Mary wa Uingereza, kilichosanifiwa na Edwin Lutyens na kujengwa kati ya 1921 na 1924, kilikwenda njia hiyohiyo: mafundi na wasanii zaidi ya 1,500, kila mmoja na kazi aliyoizoea. Wewe huhitaji 1,500. Watano wa Ipuli wanatosha kuanzia.

Skeli kwanza, pesa baadaye

Skeli, kama ile ya ramani za shuleni, ndiyo itakayoamua kama vitu vyako vitakaa chumba kimoja kwa amani. Inayotumika zaidi duniani kwa kazi hii ni 1/12. Ziko pia 1/24 na 1/48 kwa wenye nafasi ndogo na macho makali. Ukiwa Tabora chagua 1/12 wala usiumize kichwa, kwa sababu hapo futi moja inageuka inchi moja, na maseremala wetu bado wanahesabu kwa futi. Kitanda cha 4 kwa 6 kinakuwa cha inchi 4 kwa 6. Mlango wa futi 7 unakuwa wa inchi 7. Bati la futi 10 ni inchi 10. Fundi anakuelewa papo hapo bila kikokotoo.

Vitu vinavyopimwa kwa sentimita, gawanya kwa 12. Kinu cha sentimita 54 kinatoka 4 na nusu. Ungo wa 48 unakuwa 4, sufuria ya 24 inakuwa 2. Kiti ambacho pa kukalia pako sentimita 45 kutoka chini, kwenye kijumba hakifiki 4. Kanga ya mita moja na nusu kwa sentimita 110 inakuwa kitambaa cha 12 na nusu kwa 9. Usiniamini mimi: chukua futi kamba, zunguka jikoni kwako na sebuleni, pima vitu vyenyewe, andika. Vinu havilingani nyumba kwa nyumba, na kijumba kitapendeza zaidi kikifuata kinu cha bibi yako kuliko kinu cha vipimo vya mwongozo huu.

Anayetaka kujenga nyumba ya Unyamwezi na si ghorofa la Kizungu, kabla ya Nane Nane afike Kwihara, nje kidogo ya mji. Pale kuna tembe lililojengwa upya na kufanywa makumbusho, mahali alipokaa David Livingstone mwaka 1872, kwa muda akiwa na Henry Morton Stanley, kabla ya kuondoka Agosti ile kwa safari yake ya mwisho. Historia utaelezwa palepale. Wewe omba ruhusa upime: unene wa kuta, kimo cha milango, paa la udongo lililo bapa, ua wa ndani. Ukuta wa nusu mita unakuwa zaidi kidogo ya sentimita 4, kwa hiyo kijumba cha tembe hakijengwi kwa ubao mwembamba, na ukijua hivyo mapema utajua pia kwamba vyumba vyako ni vidogo kuliko unavyodhani na kitanda cha 6 kwa 6 hakitaingia.

Kisha tengeneza kipimo kinachotembea. Kata karatasi ngumu iwe umbo la mtu mzima mwenye kimo cha sentimita 14. Huyo ni mtu wa futi 5 na inchi 6 kwa skeli ya 1/12. Kila kitu kitakachokuvutia maonesho, msimamishe pembeni yake. Kandambili za kishikio cha funguo zenye sentimita 5 zinaonekana ndogo na za kupendeza mkononi, lakini mtu wako wa karatasi atakuambia ukweli: ni viatu vya jitu lenye unyayo wa sentimita 60. Mtumbwi wa mapambo wa sentimita 30 nao unaonekana mkubwa kupita kiasi, kumbe mtumbwi wa kweli wa mita 6 unatakiwa uwe nusu mita. Macho hudanganya pande zote mbili.

Mkobani

Rula fupi, futi kamba, mtu wako wa karatasi, daftari, penseli, kioo cha kukuzia kama unacho. Karatasi ya grafu yenye michoro ya vitu unavyotaka, imechorwa kwa ukubwa wake halisi, kila mchoro na kipimo chake. Hii ndiyo zana muhimu kuliko zote, na sababu utaiona mbele. Trei ya mayai ya karatasi na kopo moja au mawili yenye mifuniko. Pamba kidogo. Mfuko wa kitambaa au kikapu, maana mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019 na huwezi kutegemea muuzaji akupe cha kubebea.

Pesa beba noti za elfu moja na elfu mbili, na sarafu. Wenye mabanda makubwa wana lipa namba, lakini mama aliyetandika mkeka na vyungu sita hana chenji ya elfu kumi, na kwenda kuitafuta kunakula nusu saa yako na yake.

Siku ya kwenda

Nenda mara mbili. Ya kwanza iwe siku za mwanzo, tarehe 1 au 2, wakati wengine bado wanapanga mabanda na fundi ana nafasi ya kukusikiliza. Siku hiyo unatazama, unapima, unaagiza. Ya pili iwe tarehe 6 au 7, kuchukua ulivyoagiza. Tarehe 8 yenyewe ni siku ya kilele: viongozi, hotuba, spika, umati. Ni siku nzuri ya kula nyama choma, si siku ya kukagua chungu cha sentimita 3.

Anayetoka Urambo, Nzega au Kigoma na hawezi kurudi mara mbili, aje tarehe 6 mchana, aagize jioni ile vitu vyepesi tu, alale mjini, achukue kesho yake. Vyungu asiagize kwa mpango huo. Udongo hauharakishwi.

Fika asubuhi. Agosti asubuhi Tabora pana baridi kidogo na mwanga ni mzuri. Kuanzia saa sita upepo mkavu unaanza kurusha vumbi, na vumbi juu ya kitu kidogo huficha ufa.

Mabanda, na cha kutafuta humo

Zunguka mara moja nzima bila kununua chochote. Andika tu banda lipi lina nini. Najua inauma, hasa ukiona kitu kimoja kilichobaki, lakini karibu kila kitu kizuri cha mapema huwa kina ndugu yake bora nyuma ya banda la tatu.

Kwa wafuga nyuki anza. Tabora ni mkoa wa asali, kwa hiyo utawakuta, na kwenye meza zao kuna vitu viwili ambavyo mwenye kijumba wa Ulaya angevilipia posta. Cha kwanza ni nta. Nunua kipande kidogo kilichochujwa vizuri. Nta ukiifinyanga kwa vidole hadi ipate joto inashika kikombe mezani, picha ukutani, birika jikoni, na siku ukitaka kupanga upya unakibandua kitu bila kuharibu rangi. Wanaocheza na vijumba duniani kote hutumia nta ya namna hiyo, nyingi ikiuzwa kwenye vikopo vya bei. Cha pili ni magome. Muulize mfuga nyuki kama anajua kutengeneza kilindo, lile boksi la duara la gome ambalo wazee walihifadhia nafaka na asali. Kilindo cha kimo cha sentimita 60 unakitaka kiwe cha 5, na gome lake litoke kwenye tawi jembamba lenye ngozi laini, kwa sababu gome la mti mzima lina mabonde ambayo kwenye kitu cha sentimita 5 yanaonekana kama makorongo. Mzinga wa gogo ni rahisi zaidi: wa mita 1.2 unakuwa kijiti cha sentimita 10 kilichotobolewa, mifuniko miwili, umeutundika.

Wauza nafaka huwa hawapewi heshima yao katika kazi hii. Punje ya mtama yenye milimita 4 ni kitu cha sentimita 5 kwenye kijumba, basi mtama mweupe ukiupaka kijani ni ndimu, ukiupaka wekundu ni nyanya, na mwekundu usioguswa unapita kwa kitunguu ukitazama kwa mbali. Ulezi ni mdogo zaidi. Ujaze kwenye gunia la inchi tatu uite karanga. Omba nafaka ya kula, si mbegu ya kupanda: mbegu za kupanda zenye rangi ya waridi au kijani zimetiwa dawa, na kijumba hakikosi mtoto wa kukichokonoa. Kwa sababu hiyohiyo ziache zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi zinazotungwa shanga. Zinapendeza mno, na zina sumu kali zikitafunwa.

Mabanda ya Kigoma tafuta vikapu vyenye mifuniko iliyochongoka na wenye kuchonga mitumbwi. Chukua na dagaa. Sisemi wa mboga: dagaa mmoja mkavu, mnyoofu, wa sentimita 5, juu ya meza ya kijumba ni samaki wa sentimita 60, kuhe mzima. Mkaushe tena juani, mpake vanishi mara mbili tatu, vinginevyo sisimizi watamfuata hadi sebuleni kwa wanasesere.

Kwa maseremala na vyuo vya ufundi, usitazame makabati. Tazama chini. Vipande vinavyobaki baada ya kukata mbao ndiyo bidhaa yako, na mara nyingi utaambiwa chukua tu. Chagua kwa nyuzi za mti: mninga ni mti mzuri wa kitanda cha kweli, lakini nyuzi zake ni pana, na juu ya kiti cha inchi tatu zinaonekana kama ubao wa daraja. Mpingo una nyuzi za kubana sana na hukubali kuchongwa vitu vyembamba, ila ni mgumu, kwa hiyo mwachie mwenye patasi kali. Akiwepo fundi wa kukereza, huyo mshike: kinu, mchi, miguu ya kitanda, vigoda, vyote vyake. Vijana wa vyuo hupenda kazi za ajabu kuliko mabosi wao, jaribu kwao kwanza.

Fundi bati ana vibatari, majiko ya mkaa, mikebe. Jiko la sentimita 30 likiwa 2 na nusu bado anaweza kulikunja kwa mkasi mdogo na koleo, akitumia bati jembamba la kopo badala ya lile analotumia kila siku. Kama hataki, usimlazimishe. Kifuniko cha soda kina upana wa karibu sentimita 3, kwa hiyo ukikipiga nyundo taratibu hadi meno yalale una sinia la sentimita 36, na hilo halihitaji fundi. Mabati ya paa nayo yako ndani ya katoni: chana karatasi ya juu, yale mawimbi ya ndani yanakaribia kabisa migongo ya bati kwa skeli ya 1/12. Rangi ya fedha, kutu kidogo kwa rangi ya kahawia, basi.

Kwa mafundi cherehani omba vipande vilivyoanguka chini ya mashine. Tatizo la vitenge na kanga ni maua yake: ua la sentimita 10 kwenye gauni la mwanasesere ni ua la zaidi ya mita. Tafuta vitambaa vyepesi vya pamba vyenye nukta au vijiua vya milimita chache tu.

Kuagiza kwa fundi

Hapa ndipo watu wengi hushindwa, na kosa ni sentensi moja: "Nitengenezee kidogo." Kidogo cha fundi ni cha mtoto wa kujipikilisha, ambacho ni robo ya kitu cha kweli, mara tatu ya unachotaka wewe. Usiseme kidogo. Weka karatasi ya grafu mezani, weka kidole juu ya mchoro, sema kiwe kinaenea humu ndani.

Tuanze na salamu, maana unaingia kwenye kazi ya mtu. Mama wa makamo ni shikamoo, na asubuhi ukiweza kutia "mwangaluka" ya Kinyamwezi utaongezewa kiti. Mazungumzo na mfinyanzi yanaweza kwenda hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu vyungu."

"Ahsante mama. Nina shida ya mtungi, ila unaenea kwenye mchoro huu."

"Huu? Si wa kuchezea watoto huu?"

"Hapana mama, ni wa nyumba ya maonesho. Nataka uwe mtungi kweli, una shingo na mdomo kama ule wako mkubwa pale."

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo inayobadilisha kazi. Ukishamwonyesha kwamba unaujua mtungi wake mkubwa na unataka mdogo wake, hatakupa bakuli lenye tundu.

Kuna mambo matatu ya kumwambia mfinyanzi. Udongo aliouchanganya kwa vyungu vikubwa una chembe za mchanga au vigae vilivyosagwa, ambazo huzuia chungu kupasuka motoni. Kwenye mtungi wa sentimita 4 chembe hizo zinakuwa mawe, kwa hiyo aupitishe kwenye kitambaa. Pili, udongo hunywea ukikauka na ukichomwa, mara nyingi kwa karibu sehemu moja ya kumi, hivyo mtungi mbichi uwe mkubwa kidogo kuliko mchoro. Yeye anajua kiasi cha udongo wake kuliko wewe, mkumbushe tu. Tatu, vitu hivi vichomwe ndani ya chungu kikubwa, visije vikapotelea majivuni. Agiza mitungi mitano ukitaka miwili. Mmoja utapasuka na mmoja utakuwa umepinda, na lipia yote.

Msusi wa kikapu umwonyeshe ukindu mmoja uliochanwa hadi milimita moja. Kikapu kidogo kilichosukwa kwa ukindu wa kawaida si kikapu kidogo, ni kipande cha kikapu. Kila mshono lazima upungue pamoja na umbo. Wasusi wengi watakataa, na wana haki, kwa sababu kuchana ukindu namna hiyo ni kazi ya macho. Atakayekubali, mpe siku zote alizoomba.

Bei

Usimwambie fundi apunguze kwa kuwa kitu ni kidogo. Mtungi wa sentimita 4 unamla muda kuliko wa lita ishirini, na udongo wenyewe ndio rahisi kuliko vyote humo. Uliza bei ya kile kikubwa, uitumie kama mwanzo, kisha mzungumze kwa idadi: vitu vitano kwa mpigo vina punguzo la haki, kimoja hakina. Toa kishika uchumba cha nusu, andikeni wote wawili kwenye daftari nini, vingapi, lini, bakaa kiasi gani. Kwa vitu vilivyokwisha kutengenezwa, kama vile vishikio vya funguo, vikapu vya mapambo au ngoma ndogo, bishana utakavyo. Hapo ni biashara tu.

Kukagua kabla ya kulipa bakaa

Chungu kiweke juu ya ncha za vidole ukigonge kwa ukucha. Kikilia kwa sauti safi ni kizima, kikitoa sauti ya kufa kina ufa. Washa tochi ya simu ndani yake kivulini, ufa utauona. Mbao zinuse na kuzishika: ubao mbichi ni wa baridi na mzito, na ukifika nyumbani utapinda. Tazama vitundu vya ukubwa wa ncha ya sindano vyenye unga mlangoni. Hao ni wadudu wa mbao na watahamia kwenye kijumba kizima. Bati pitisha kidole polepole kwenye ukingo, ambao unatakiwa uwe umekunjwa. Kikapu kitazame chini, siyo juu: msusi aliyechoka hujulikana kitakoni mwa kikapu.

Kisha mtu wa karatasi. Hata kitu ulichoagiza mwenyewe, msimamishe pembeni.

Kuna vitu vya kukataa hata ukipewa bure. Kipande cha pembe ya ndovu, gamba la kobe, ngozi ya mnyamapori au kucha ya simba, hata kiwe cha ukubwa wa punje, ni nyara za serikali, na kukutwa nayo bila kibali ni kosa la jinai. Na kama unanunua kwa ajili ya kumpelekea ndugu aliye nje ya nchi, jua kwamba mpingo, mninga na mkurungu vimo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini. Waulize TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu, kabla ya kufunga mzigo.

Kufungasha na safari

Usifunge kitu kwa karatasi kimoja kimoja na kuvirundika mfukoni. Karatasi haizuii mgandamizo. Trei ya mayai kata katikati, weka kila kitu kwenye shimo lake na pamba kidogo, funika kwa nusu ya pili, funga kamba. Vitu visivyoenea shimoni viingie kwenye kopo lililojaa maranda, ambayo kwa seremala ni takataka na kwako ni godoro. Kopo litikise sikioni. Kikisikika chochote kinacheza, ongeza maranda.

Kwenye basi mzigo huu hauendi buti. Unakaa mapajani. Kwenye bodaboda ndani ya mji ubebe mwenyewe kati yako na dereva, na umwambie mapema una vyungu, atapunguza kwenye matuta. Kwenda Kigoma mimi napendelea treni ya reli ya kati, kwa sababu mtikisiko wake ni wa taratibu na hauna mashimo ya ghafla, ila chukua tahadhari wakati wa kushuka, maana pale mlangoni watu husukumana na mabegi.

Vikifika nyumbani

Usivipange siku hiyohiyo. Vitu vya mti, gome, ukindu na nafaka viweke kwenye kopo lililofungwa kwa wiki mbili tatu, sehemu ya wazi unayoiona. Unga mpya ukionekana chini ya kopo, kuna mgeni. Mwenye friji ya kugandisha aviweke humo siku kadhaa ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, kisha aviache vipate kabisa joto la chumba bila kufungua, visije vikalowa. Vyungu na bati havina haja hiyo. Vumbi liondoe kwa brashi ya rangi ya maji, kavu. Chungu kisichopakwa chochote usikioshe.

Vitambaa vitakusumbua na si kosa lako. Kitu kikipunguzwa mara 12 kila upande, uzito wake unapungua mara 1,728, lakini uzi wa kitambaa umebaki uleule. Ndiyo maana kanga ya mwanasesere haianguki mwilini, inasimama kama katoni. Loweka kitambaa kwenye gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji mengi, kivishe, panga mikunjo kwa pini juu ya kipande cha sponji, acha kikauke. Mapazia vilevile, na mkeka unaotaka uonekane umekaliwa.

Mbao zilizonunuliwa Agosti zimekauka kwa kiangazi. Mvua zikianza Novemba zitavimba kidogo, kwa hiyo mlango wa kijumba uache na nafasi ya unene wa karatasi mbili au tatu, usiubane sawasawa ukidhani ni ufundi.

Mwisho andika. Chini ya kila kitu, au kwenye daftari lenye namba, weka skeli, mti au udongo uliotumika, mwaka, na aliyetengeneza kama ameridhia jina lake liandikwe. Namba za simu za mafundi nazo zihifadhi vizuri. Usiandike "Mama Vyungu" peke yake, kwa sababu Agosti ijayo kwenye simu yako watakuwepo akina Mama Vyungu watatu, na ni mmoja tu anayejua kuchekecha udongo kwa kitambaa.